Wodi Waliyoipa Jina Lako

Tumaini, rafiki yangu,

Wamekufanya mtakatifu. Safari hii kwa maandishi, kwenye kibao cha marumaru juu ya mlango wa wodi ya wazazi: "Wodi ya Sista Tumaini, Mfano wa Kuigwa." Ningetema mate, ila sakafu hiyo nimeipiga deki mwenyewe.

Tangu tulipokuzika kwenu Mlandege, mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, hana wimbo mwingine ila wewe. Ndiye yule yule aliyekuwa akikuona koridoni anapiga ishara ya msalaba na kuwachekesha wenzake: "Pisheni, mtakatifu anapita!" Kosa lako lilikuwa kukataa kuwaacha wagonjwa kwenye benchi ili ukanywe chai. Ulisema, "Yule mama pale nje ndiye mkaguzi wetu. Anatuangalia kuliko hao wa wilayani." Wakasema unajipendekeza. Ulipolazwa mjini, ukiniacha mimi, aliyekuja kutoka kazini ni mlinzi peke yake, naye katumwa kuchukua funguo za kabati la dawa. Kwenye mazishi wakavaa fulana zenye picha yako. Mfawidhi alilia kwenye kipaza sauti mpaka mchungaji akampa leso. Nikajiuliza, machozi yote haya alikuwa ameyaficha wapi ulipokuwa unaumwa?

Basi, siku ya kuzindua kibao ikafika. Maturubai, kwaya, pilau, wageni kutoka Mbeya. Vitanda vikatandikwa mashuka mapya meupe, na mfawidhi akapiga marufuku mtu kuyalalia mpaka wageni wapite. Chumba cha kujifungulia kikajazwa kreti za soda. Wazazi waliojifungua jana yake wakahamishiwa stoo. Stoo, Tumaini! Ili wewe uenziwe.

Hotuba zikiwa zimeanza, bodaboda ikamleta Zawadi, binti wa kule njia ya Idodi, uchungu umekolea, kashikiliwa na mama mkwe wake. Nikampeleka wodini. Mfawidhi akanizuia mlangoni.

"Akae kwenye benchi kidogo."

"Mtoto yuko njiani, bosi."

"Wageni wanatuangalia, Sekela! Unataka waone damu?"

Mama mkwe, bibi wa Kihehe mkavu kama kuni, alimwangalia mfawidhi juu mpaka chini. Mimi nilimpiga kikumbo mkubwa wangu wa kazi, nikaingia, nikamlaza Zawadi kwenye kitanda kilichokuwa karibu.

Nje wanaimba, ndani tunasukuma. Utepe ukakatwa, mlango ukafunguliwa, mgeni rasmi akaingia na wapiga picha nyuma yake, na papo hapo mtoto akalia. Nikamfunika Zawadi kwa kanga ya mama mkwe wake, nikawageuzia mgongo. Shuka limelowa. Mfawidhi kawa rangi ya majivu.

Mgeni rasmi akapiga makofi! Alidhani tumepanga. "Huu ndio mfano hai," akasema, akampa mkono mfawidhi. Na yule bwana, bila haya hata chembe, akainamisha kichwa: "Tunajitahidi, mheshimiwa. Ndivyo ninavyowafundisha." Kinyonga angeona aibu kwa niaba yake.

Wageni walipoondoka akaniita ofisini, akasema atanihamisha, maana nimerithi kiburi cha marehemu. Sijawahi kusifiwa vizuri hivyo.

Sasa sikiliza. Jumatatu wenzetu waliinuka kwenda chai kama kawaida yao. Kina mama nao wakainuka kwenye benchi. Aliyetangulia ni yule bibi, aliyekuwa amemsindikiza Zawadi na mtoto kliniki. Wakasimama kwenye mlango wa chumba cha chai. Hawakutukana, hawakupiga kelele.

"Kunyweni tu, wanangu," bibi akasema. "Sisi tunaangalia."

Wakaangalia. Niliviona vikombe vikifika mdomoni na kurudi mezani vimejaa. Nesi mmoja akajifanya anakohoa, akatoka. Mwingine akamfuata. Mfawidhi alibaki na andazi lake mkononi, anatabasamu, anatafuta pa kuyapeleka macho, mpaka naye akakumbuka kuwa ana wagonjwa. Kabla ya adhuhuri benchi lilikuwa tupu. Na wamerudi kila siku tangu hapo, kwa zamu, hata wasioumwa.

Usidhani wenzetu wameokoka. Wanaogopa macho ya watu tu, kama zamani. Kilichobadilika ni macho ya nani.

Wewe hukuhitaji kuogopeshwa, na hilo ndilo linaloniuma ninapoliona jina lako juu ya vichwa vyao.

Pumzika, mwenzangu. Mchanga wa Mlandege usikulemee. Wakitaka kunihamisha nitapanda ngazi zote za wilaya kupinga, nikishindwa nitaondoka nikiwa nimenyooka. Lakini siku nitakazobaki hapa nakuahidi: hakuna mwanamke atakayeachwa kwenye benchi la nje na uchungu wake nikiwa zamu, awepo mgeni au asiwepo.

Wako,
Sekela