Makapi Niliyoyaomba Mwenyewe

Jumamosi, katikati ya Julai. Mandewa.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Singida wa mwezi wa saba, unaopenya hata pale ulipoziba kwa tambara. Nimevaa koti ndani ya nyumba. Nina hasira, na nimeamua kuiandika kabla haijapoa ikawa busara.

Leo asubuhi Mkurugenzi wetu amehutubia. Ukumbi ulijaa: wakulima walioletwa kwa mabasi, maofisa, waandishi wa habari wawili, na sisi wa kiwandani tuliovalishwa fulana za njano ili tuonekane tumefurahi. Mada ilikuwa sera ya uchumi na akili mnemba. Mkurugenzi kazi yake ni kukamua mafuta ya alizeti, lakini siku hizi akipewa kipaza sauti anakuwa mtaalamu wa chochote kilichoandikwa kwenye bango nyuma yake.

Mimi niko getini. Miaka kumi na mbili nashika bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia kikatoka na mbegu za katikati, maana mdomo wa gunia kila mtu anaupamba. Natikisa mbegu kiganjani nisikie mlio, nang'ata moja, natema. Kavu, mbichi, safi, chafu. Chuo sikukiona. Meno ndiyo yaliyonifundisha.

Mwezi wa tano alikuja dada mmoja wa kompyuta kutoka Dar, mtu mpole, akasema wanatengeneza programu ya simu itakayopiga picha mbegu na kutoa jibu. Akaniomba niifundishe. Nikaifundisha. Wiki sita tunapiga picha, mimi nasema hii nzuri, hii mbaya, yeye anaandika. Kisha akaniambia picha za mbaya ni chache mno, na mashine isipoona mbaya za kutosha haitaijua nzuri. Sasa alizeti ya mwaka huu imetoka safi. Mbaya ningeitoa wapi?

Nikaiomba.

Nilimpigia simu baba mdogo, kule kijijini Misigiri, asimwage alichopepeta: vijiti, mawe, mapepe yasiyo na kiini. Alicheka sana, akauliza kama kiwanda kimeanza kukamua mawe. Akaleta gunia zima, yeye mwenyewe, na nauli akakataa. Gunia lina kiraka cha kanga ya kijani alichoshona mama mdogo. Wakulima wengine wachache niliowaomba nao wakaleta makapi yao, kwa wema tu. Tukapiga picha mpaka dada akaridhika, akaziweka kando, akaziandika kuwa ni za kufundishia.

Leo Mkurugenzi kaziweka ukutani.

Zilikuwa kubwa kama geti la kiwanda, na juu yake maandishi: HALI HALISI YA ALIZETI YETU. Akasema akili mnemba imejifunza yenyewe, bila mkono wa mtu, ikapitia mazao ya mkoa huu na kukuta sehemu kubwa ni takataka. Akasema watu wa getini wamekuwa wakipitisha uchafu wa ndugu zao miaka yote. "Mashine haina shemeji," alisema, na ukumbi ukacheka. Wenzangu wa fulana za njano wakageuka kunitazama.

Halafu ikaja sera. Kwa kuwa mkulima hajui ubora, serikali ipunguze ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje, viwanda visife njaa wakati mkulima anajifunza.

Niseme jambo dogo tu. Nyuma ya kiwanda tumejengewa tangi jipya, kubwa, na halina bomba hata moja linalotoka kwenye mashine za kukamua. Tumekuwa tukijiuliza tangi lile linasubiri nini. Nadhani leo nimejua.

Mafuta ya nje yakimwagika madukani, bei ya gunia inaanguka. Baba mdogo ana magunia yake ndani, safi, nimeyachoma bambo mwenyewe. Anasubiri bei ipande kidogo aezeke nyumba.

Picha ya nne ilikuwa na kiraka cha kijani.

Ukafika muda wa maswali. Kipaza sauti kilipita mbele yangu kabisa, nikakipisha kiende kwa mwingine. Hotuba ilipofungwa nikapiga makofi. Naandika hili hapa nisije nikalisahau kwa makusudi: nilipiga makofi, kwa kuwa safu yetu yote ilikuwa inapiga.

Na bado. Mkurugenzi akaniita, akanipiga bega, akasema mapendekezo yanakwenda Dodoma na yanahitaji saini ya mtu wa ubora. Eti nitasaini Jumatatu, kama Mtaalamu wa Ubora. Miaka kumi na mbili nimekuwa "yule wa getini". Nilifurahi. Kwa dakika mbili hivi nilifurahi kweli.

Nje, baba mdogo alikuwa amesimama kwenye upepo, kofia mkononi. Kwetu mdogo ndiye anayeanza. Shikamoo kwanza, mengine baadaye, hata kama nyumba inaungua. Nilisimama mbele yake na shikamoo haikutoka. Akaitazama fulana yangu. Akasema kwa Kinyiramba, taratibu, ili waliokuwa karibu wasielewe:

"Mwanangu, lile si gunia la mama yako mdogo?"

Nikasema ndilo.

"Uliniambia ni la kufundishia."

Nikasema ndiyo, baba.

"Sasa umemfundisha nani?"

Akavaa kofia, akaenda kupanda basi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Juzi niliionyesha alizeti safi, ikasema safi. Imenisikiliza kuliko binadamu wengi niliowahi kuwaelekeza. Ninayemkasirikia ana tai. Na wa pili ana fulana ya njano.

Lakini getini tuna mazoea ya kuandika. Kila gunia lililopigwa picha limo kwenye daftari langu: jina, siku, na kwenye yale ya makapi nimeandika pembeni, "nimeomba mwenyewe, ya kufundishia." Andiko hili nalirusha mtandaoni leo hii; kurasa hizo nimezipiga picha, ziko hapa chini, majina ya wakulima nimeyafunika. Nimempigia yule dada wa kompyuta. Akasema hakujua picha zitakwenda ukutani, na nikiulizwa nimtaje. Saini yangu ndiyo hiyo, Mkurugenzi. Hakuna haja ya kuingoja mpaka Jumatatu.

Jumatatu hiyo huenda nikakuta bambo limeshikwa na mtu mwingine, au na simu. Mke wangu nimemweleza yote. Aliuliza tutakula nini, akanitazama juu mpaka chini. Akasema, haya, kwanza vua hiyo fulana.

Kesho naenda Misigiri na basi la kwanza. Gunia nimelikung'uta, nimelikunja, kiraka kimekaa juu. Nitaanza na shikamoo, halafu nisimame pale nione kama ataitikia.