Magazeti Yako ya Dunia, Baba Moraa

Mpendwa Baba Moraa,

Najua hutanijibu, lakini nisipokuambia wewe nimwambie nani? Mwanao ameondoka leo asubuhi. Ameenda kaskazini, kwenye lile ziwa la jangwani, kufanya kazi na watu wanaochunguza mamba. Mamba, Baba Moraa! Na mimi naona wa kulaumiwa ni wewe na magazeti yako.

Unakumbuka yalivyoanza? Nesi wa dispensari ya shamba la chai alikuwa akiletewa gazeti la jiografia kutoka ng'ambo kila mwezi, gazeti la zamani sana, lililoanza kuchapishwa kabla baba zetu hawajazaliwa. Akimaliza kulisoma, anakupa wewe. La kwanza ulilileta nyumbani ndani ya shati kwa sababu ya mvua, ukanawa mikono kwa sabuni ndipo ukalifungua. Nilicheka sana. Mtu ametoka kiwandani kunyausha majani ya chai kutwa nzima, chakula hajagusa, ananawa ili ashike karatasi!

Uliyapanga kwa miezi ndani ya sanduku la mbao la kupakia chai, lile lililofunikwa ndani kwa karatasi ya kung'aa, maana unyevu wa Kericho hauachi kitu. Mwezi mmoja ukikosekana, ulikuwa kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Siku moja sokoni Kiptere tulimkuta mwenye duka akifungia watu misumari kwa kurasa za gazeti hilo. Ukanunua misumari ambayo hatukuwa na kazi nayo, na njia yote ya kurudi ukawa unanyoosha picha ya mlima unaotema moto, hata salamu za watu huzisikii.

Jumapili tukitoka kanisani ilikuwa zamu yangu. Kiingereza kilinipita, kwa hivyo ulinisomea kwa lugha yetu, Moraa akiwa magotini pako. Barafu, nyangumi, watu waliojenga nyumba juu ya maji. "Usilambe kidole," ulikuwa unamwambia. "Shika kona, fungua polepole." Mimi nilikaa hapo nikikata mboga, nikaona dunia ni mahali pazuri.

Halafu ikaja ile mvua ya mawe. Nilikuwa shambani nachuma. Mawingu yalishuka ghafla, mnyapara akapuliza filimbi, tukatupa vikapu na kukimbia tukijifunika vichwa kwa mikono. Moraa nilikuwa nimemwacha kwa jirani yetu, mama Kiprono. Nilipofika, mama Kiprono alikuwa analia mlangoni. "Ametoka mbio mabati yalipoanza kung'oka," akaniambia. "Nimeita, nimeita, hajibu!"

Nilimtafuta chini ya vitanda vya watu, jikoni kwao, nyuma ya choo. Mawe yalikuwa yananipiga mgongoni wala siyasikii. Ndipo nikakuona unakuja kutoka kiwandani, sikio linatoka damu. "Mtoto hayuko!" nikapiga kelele. Ulipita mbele yangu ukaingia nyumbani kwetu, nyumba ambayo nusu ya paa ilikuwa imeshakwenda, na nikasikia unalikokota sanduku lako.

Sitasahau hasira ile. "Wacha makaratasi!" nililia. "Tafuta mtoto!"

Ulilikokota mpaka mlangoni, ukafunua kifuniko. Moraa alikuwa amejikunja ndani, mkavu kabisa, macho yamemtoka. Magazeti yote alikuwa ameyatupa sakafuni ili apate nafasi, na maji yalikuwa yameshayafunika. Alikutazama wewe, si mimi, akasema, "Baba, ulisema humu maji hayaingii." Alifikiri utamchapa kwa ajili ya magazeti. Uliketi kwenye tope ukamkumbatia, ukacheka huku unalia, na mimi nikaketi papo hapo kando yenu.

Tuliyakausha karibu na jiko wiki baada ya wiki. Mengine yaligandamana mpaka nyangumi wakabaki wameshikana na ngamia. Hukunung'unika hata mara moja.

Sasa sikia la juzi. Tangu Moraa amalize shule, ndugu yako amekuwa akisema asomee ualimu, au aolewe, basi. Lakini yeye Moraa akaketi mbele yangu akasema amepata kazi ya kwenda ziwani na watafiti. Nikaanza kuchambua mboga ambazo nilikuwa nimeshazichambua. Nikaikumbuka siku ile ya mabati. Wewe ulichukuliwa na homa ya mapafu, na huyu ndiye pekee niliyebaki naye.

"Mama, unaogopa nini?" akaniuliza.

"Kila kitu. Joto, majambazi, maji, hao wanyama."

Nikamwambia alete gazeti lenye habari za mamba anisomee, kama ulivyokuwa unafanya. Akasoma vizuri, sauti yako kabisa. Mimi nilikuwa naitazama picha. Palikuwa na mtumbwi umepinduka, na watu ukingoni wameshika vichwa.

"Hapa hujasoma," nikasema.

Akainamisha uso. "Nimeruka kidogo."

"Kwa nini?"

"Baba pia alikuwa anaruka, Mama. Kila Jumapili. Nilipojifunza Kiingereza ndipo nikajua. Mahali penye watu kufa, penye njaa, penye meli kuzama, alikuwa anapita. Aliniambia, mama yako ana hofu nyingi za kutosha, tumwachie mazuri."

Baba Moraa! Miaka yote hiyo! Sikujua nicheke au nikasirike. Mwisho nikamwambia, "Rudi mwanzo. Usiruke kitu." Akasoma yote, na mtumbwi, na majina ya waliokufa maji. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alipofunga gazeti nikamwambia aende.

Sijui kama nimefanya vizuri. Mdomo ulisema ndiyo, moyo bado unabisha. Kila gari likipita barabarani nadhani linamrudisha na habari mbaya, na hata Nakuru pengine hajapita.

Landirova ya watafiti ilimchukua kwenye geti la shamba. Alinipungia mkono mpaka wakapinda kona. Sikulia mbele yake. Nilichukua kikapu nikaenda kuchuma, na nilipofika katikati ya majani, pale ambapo kila mtu ameinama na hakuna anayemtazama mwenzake, ndipo nikalia.

Kama huko uliko kuna namna ya kutazama huku, usinitazame mimi. Mtazame yeye.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Moraa