Moshi Juu ya Ziwa

Neema mjukuu wangu,

Kamwene. Huku Kilolo baridi imekaza. Bibi yako goti linamsumbua, ila ulimi wake mzima kabisa. Njegere tumeshavuna.

Umeniuliza kama ni aibu kurudia mwaka, maana wenzako hapo chuoni Mbeya wanakucheka. Nisikilize.

Wakati wa vita vya Kagera, injini za ndege yetu ya jeshi zilizima tukaangukia Ziwa Viktoria. Tukabaki watatu kwenye boti ya mpira. Mambo ya siku ya kwanza nayaacha. Asubuhi ya pili rubani wetu, mtu wa Tanga, akasema tutulie tu, tufe kama watu wazima. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimeona moshi kwa mbali, mwembamba kama wa jikoni kwa mama. Nikawaambia penye moshi pana watu. Tukapiga maji kwa mikono mpaka mchana.

Haukuwa moshi. Lilikuwa wingu la wadudu wa ziwani, wadogo kama mbu, wakatujaa mpaka mdomoni. Mtu wa milimani ningejuaje? Rubani alinitukana sana. Lakini kutoka pale tuliona nchi kavu, ambayo tulikotoka haikuonekana.

Mpaka leo rubani hunipigia simu ili anicheke. "Mhehe, ule moshi wako uko wapi?"

Namjibu, "Na wewe unanipigia ukiwa wapi, kaburini?"

Babu yako