Bahari Inapopanda Tuvalu

Sparkbrook, Birmingham

Mdogo wangu Brigid,

Huku hatujambo, ila baridi. Mwanangu Xavier aliniuliza Tuvalu ulikoolewa ni nchi ya namna gani. Nikamwambia ni visiwa tisa vidogo vya Pasifiki, vyenye watu wapatao elfu kumi, samaki tele na nazi.

"Vina mlima?"

"Havina."

"Sasa bahari ikipanda, Aunty atakimbilia wapi?"

Nikachukua kalamu nikuandikie.

Uliponipigia ukasema maji ya bahari yanabubujika kutoka ardhini, hadi mtoto wenu mnamlaza juu ya meza, ulicheka. Mimi sikucheka. Najua shemeji Tavita hataki kuyaacha makaburi ya wazazi wake. Lakini wafu hawazami, Brigid. Mlete mtoto. Shemeji akikasirika, anikasirikie mimi.

Dada yako,
Edah