Neno Nililompa Eskinlaye

Kambi ya Harlow,
Arizona.
19 Septemba, 1886.

Mpendwa dada Lavinia,

Salamu nyingi. Hujambo, na shemeji Silas kifua chake kimepoa? Macho ya Mama yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila vumbi la huku halitoki kooni.

Joto limepungua. Farasi wangu yule mwekundu alikufa Julai, kwa kiu.

Uliniuliza habari za Eskinlaye, yule sajini wa Kiapache anayetuongoza milimani. Ameondoka, na mimi ndiye niliyemwondoa. Mwezi jana kanali aliniagiza niwashushe watu wa Eskinlaye waliolikimbia jeshi na kujificha huko juu, kwa maneno badala ya risasi. Nikamtuma yeye.

"Luteni, mama yangu yuko huko," akaniambia. "Miguu yake imekwisha. Nikimshusha, hatapanda tena. Una hakika?"

"Mwambie atakaa hapa mtoni, na hakuna atakayemgusa."

"Hayo ni yako au ya kanali?"

"Yangu."

Akacheka. "Basi nikidanganywa, najua pa kukupata."

Walishuka siku ya sita, watu thelathini na wanne, wengi wanawake. Mama yake alikuja amebebwa mgongoni. Tuliwapa nyama na unga, wakajenga vibanda vyao kando ya mto.

Siku nne baadaye ikaja amri: wote wapelekwe kwa treni mashariki, kifungoni, pamoja na Waapache waliotutumikia. Nilimsihi kanali mpaka akanifukuza ofisini. Kisha, dada, nilitii. Nilimvua Eskinlaye bunduki na koti la jeshi kwa mikono yangu mwenyewe. Hakupigana. Alimpandisha mama yake kwenye behewa, akanigeukia.

"Mama anauliza, mto wenyewe uko huko tunakopelekwa?"

Askari mmoja akacheka, nikampiga kofi. Halikumsaidia mtu.

Madirisha ya behewa yalipigiliwa misumari. Baadaye tulipata habari kwamba bibi yule alikufa njiani siku ya tatu, wakamshusha kwenye kituo ambacho hakuna aliyejua jina lake.

Nisalimie Silas, shangazi Prudence na watoto wote. Mungu awalinde, asiwaonyeshe niliyoyaona.

Mama atasoma gazetini kwamba nimepandishwa cheo, niwe kapteni. Tafadhali asinipongeze. Nimekipata kwa kazi hiyo.

Ndugu yako akupendaye daima,
Ambrose