Kibao cha Voi

Botini, upande wa Kiwayu
Jumatano, 12 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kutoka mahali ambapo sakafu haitulii. Mimi ni mzima. Tumbo lilinisumbua siku mbili za kwanza, sasa limekubali. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, bado analijaribu gauni kila jioni?

Ulisema hutaki ujumbe wa maneno mawili, unataka barua yenye kichwa na miguu. Hii hapa. Nimeiandika kwenye simu, nayo itaondoka tutakapopita mahali penye mtandao.

Tuko wanane. Tunalala humu, tunakula humu, na mara tatu kwa siku tunavaa mitungi ya hewa na kuzama kuhesabu matumbawe, yale mawe yenye uhai ambayo samaki hukaa kati yake. Jana, mita kumi na tano chini, niliona kila samaki akiwa na mlango wake, na jirani akikosea mlango anafukuzwa. Nilitaka kusema ni kama mtaani kwetu Ziwani, Nairobi. Lakini sina hakika kama nilichokiona ni Ziwani au ni macho yangu tu, ambayo yamezoea kuitafuta kila ninapofika.

Hakuna anayezama peke yake. Kila mtu ana mwenzake. Wangu ni Hibaq, ambaye kwao ni Eastleigh, yaani mto tu ndio unaotutenga, na ilibidi tusafiri hadi huku ndipo tujuane. Kwa kuwa vazi la kuzamia lina kofia inayofunika kichwa na shingo, anapenda kusema kwamba chini ya maji hata Kiema, kiongozi wetu, anavaa hijabu. Kiema hupokea hilo kwa uvumilivu.

Chini huko watu huongea kwa mikono. Siku ya kwanza nilipomwona kasa, nilimwinulia Hibaq dole gumba, kama tunavyofanya kila siku Nairobi mambo yakiwa poa. Kumbe kwa wazamiaji ishara hiyo ni amri ya kupanda. Hibaq akanishika mkono, tukapanda, na kasa akabaki. Tulipotoa vichwa nje aliniuliza, kwa upole mwingi, kilichonisibu ni nini. Nilimjibu kwamba nilikuwa nimefurahi.

Nisalimie Mama.

Binti yako,
Awiti


Ziwani
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kwa Awiti, uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu nyingi. Barua yako tumeipokea na nimeisoma kwa sauti. Goti linalalamika asubuhi tu. Mama yako ni mzima, na gauni amelijaribu mara nyingi kiasi kwamba nimemwonya litachakaa kabla ya kufika kanisani.

Habari ya kasa imenifurahisha, ingawa ilikuwa kosa la kikazi. Mimi nilikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini na mmoja, na bendera ya kijani haikuwahi kumaanisha kwamba nimefurahi.

Jana nilikwenda soko la Burma kuagiza mbuzi. Mchinjaji akanipongeza kwa kumwoza binti. Nilipomweleza kwamba bwana harusi ni mimi, aliweka kisu chini akacheka kwanza, kisha akaongeza maini bila kuombwa.

Sasa sikiliza, maana ulikuwa mdogo na huenda hukuelezwa vizuri. Mama yako nilimwoa kimila mwaka 1984. Harusi ya kanisani tuliipanga 1986. Mvua ikasomba reli karibu na Kibwezi, nami nikakwama na treni yangu siku mbili huku yeye amevaa, amekaa, wageni wanakula. Tukapanga tena 1998. Mvua ikarudia yaleyale, na mimi nikarudia yaleyale. Safari hiyo alilikunja gauni akanikataza kumtajia harusi. Imenichukua zaidi ya miaka ishirini kupata ruhusa ya kuitaja.

Amekubali kwa sharti moja: tarehe ikisogea hata siku moja, basi, tutazeeka na mahari yetu. Na msimamizi wake ni wewe, hataki mwingine. Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi. Usinifanye nianze kueleza tena.

Baba yako


Botini
Jumanne, 18 Februari 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo huko? Mnisamehe kimya. Upepo ulitufungia siku tatu nyuma ya kisiwa, bila kuzama na bila mtandao. Afya yangu ni nzuri, ila moyo umegawanyika, na nimeiandika barua hii mara mbili nikaifuta.

Zile siku tatu zimesukuma ratiba. Kimebaki kituo kimoja, mwamba karibu na Kilifi ambao wavuvi wanauita Jiwe la Mwana. Mwalimu wangu aliuhesabu kabla bahari haijapata joto kali. Baada ya joto hilo matumbawe yote yalipauka yakawa meupe kama chaki. Hakuna ajuaye kama kuna kitu kinachoota upya. Kiema anasema maji yatatulia Ijumaa asubuhi peke yake, nasi tutatoka majini saa nne. Baada ya hapo boti inarudishwa kwa wenyewe.

Tatizo ni hili. Mzamiaji akitoka chini, mwili wake unakuwa kama chupa ya soda iliyotikiswa. Akipanda juu upesi, ni sawa na kuifungua: mapovu yanaingia kwenye damu. Kwa hiyo Kiema hamruhusu yeyote kupita mwinuko wa futi elfu mbili kabla ya saa ishirini na nne, hata kwa gari. Nairobi imeinuka sana, Baba. Kwa mtu kama mimi, kurudi nyumbani ni kama kupanda ndege. Nikizama Ijumaa, siwezi kuondoka pwani kabla ya Jumamosi saa nne, saa ileile ambayo Mama atakuwa anaingia kanisani.

Nisipozama, Hibaq hana mwenzake, na Jiwe la Mwana halihesabiwi. Yeye amenishauri bila kuzunguka. "Awiti, mama hawi bibi harusi kila mwaka. Jiwe halina miguu." Nilimkubalia, nikaamua kuja. Kisha nikajiuliza kama nimeamua kwa upendo au kwa woga wa kulaumiwa, nikaona sijaamua chochote. Nahofia pia kwamba ninaipenda kazi hii kwa sababu ni mimi ninayeifanya, na si kwa sababu ya jiwe.

Sikuombi uniamulie. Naomba tu useme unavyoona, na Mama asijue kwanza.

Binti yako,
Awiti


Ziwani
Jumatano, 19 Februari 2025

Kwa Awiti,

Salamu. Sisi wazima, nawe nakuombea utulivu. Niliposoma barua yako nilitoka nje nikasimama langoni kwa muda. Katika nchi hii yote, mtu wa mwisho anayeweza kukulaumu kwa kuchelewa harusi ya mama yako ni mimi.

Kisha nikaanza kufikiri kama gadi.

Zamani kila stesheni ilikuwa na kibao chenye jina lake, na chini ya jina, mwinuko kwa futi. Nilivisoma vibao hivyo nikienda na nikirudi, mpaka nikavijua kama namba za milango ya hapa mtaani. Athi River ni karibu elfu tano. Makindu, elfu tatu na mia mbili na kitu. Mtito Andei, elfu mbili na mia nne. Lakini Voi, mwanangu, Voi ni elfu moja mia nane na thelathini. Huenda nimekosea futi chache, si mia moja na sabini.

Kiema amesema elfu mbili. Basi saa zako ishirini na nne huna haja ya kuzikalia Mombasa. Unaweza kuzikalia Voi, katikati ya safari. Muulize, na akujibu kwa maandishi.

Nimefika hadi stesheni leo asubuhi. Treni ya Jumamosi kutoka Mombasa imejaa, ila viti vya kupandia Voi vipo. Inaondoka Voi saa nne na robo, dakika kumi na tano baada ya saa zako kutimia, na inafika Nairobi saa nane na nusu. Nikatoka huko nikaenda kwa mchungaji. Anaweza kutufungisha saa kumi jioni, siku hiyohiyo.

Hapo tu ndipo nilipomwambia mama yako, maana siri ya namna hii singeiweza tena. Alikuwa anachambua sukuma wiki. Hakuinua macho.

"Tarehe ni ileile?"

Nikamwambia ni ileile.

"Basi saa ni kazi ya wapishi."

Akaendelea na mboga. Nimekata tiketi tatu.

Baba yako


Botini
Alhamisi, 20 Februari 2025

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umpe Mama zake kabla ya zako. Hatujambo sote.

Kiema alifungua ramani yake akaitazama Voi muda mrefu, akapima njia nzima ya kutoka pwani. Kisha akaandika kwenye karatasi, kama ulivyoagiza, kwamba Voi inafaa, mradi nilale pale na nisiguse kilima chochote. Ameuliza pia huyo mzee wa reli ni nani na kama angependa kuajiriwa. Gari linalopeleka mitungi Nairobi litanishusha Voi kesho jioni.

Kwa hiyo nitazama. Mpango wako nimeukagua mara tatu nikitafuta tundu. Sikuliona, na mimi ni mtu ambaye asipoona tundu huanza kuyashuku macho yake. Hibaq amenipokonya daftari, anasema nikikagua mara ya nne atalitupa baharini.

Jambo moja tu sijalielewa. Tiketi yangu ni moja. Mbili ni za nani?

Binti yako,
Awiti


Ziwani
Alhamisi, 20 Februari 2025

Kwa Awiti,

Salamu za haraka, tunafunga mizigo.

Nilinuia kushuka Voi peke yangu kesho ili nikupokee, maana sipendi ulale katika mji ambao mimi nimelala mara mia nne nawe huna mwenyeji. Tiketi ya tatu ilikuwa ya akiba, kwa mtu yeyote ambaye angependa kunizuia. Mama yako alipogundua kwamba bwana harusi wake anapanda treni siku moja kabla ya harusi, aliketi. Nikajua nimeharibu.

"Okoth, reli hiyo imekuchukua mara mbili siku ya harusi yangu," akasema. "Mara ya tatu itatuchukua wote."

Anakuja. Gauni limo begini. Ameagiza vyumba viwili kwenye gesti, wewe na yeye kimoja, mimi kingine, kwa sababu anasema yeye bado ni mchumba wa watu.

Zama salama. Usimwinulie mtu dole gumba.

Baba yako


Garini, tumepita Mariakani
Ijumaa, 21 Februari 2025

Baba na Mama,

Najua tutaonana kabla giza halijaingia, lakini hili siwezi kulibeba hadi Voi.

Jiwe la Mwana halijafa. Kwa mbali lilikuwa la kijivu, kama ukuta uliongoja rangi kwa miaka, nami nikaanza kuandika sifuri moyoni. Hibaq akanyoosha utepe wa kupimia, akasimama, akaninyooshea kidole. Kwenye ufa wa mwamba kulikuwa na tumbawe changa, la zambarau, ukubwa wa kifungo cha koti. Kando yake lingine. Kisha yakawa mengi mno, ikabidi tuanze upya kwa utaratibu. Mia mbili na kumi na mawili.

Sijui kama huku ndiko kupona. Mwalimu wangu angesema hesabu ya mwaka mmoja haithibitishi kitu, naye angekuwa na haki. Hata hivyo niliyahesabu mara mbili, na mara ya pili nilicheka hadi miwani ikajaa maji. Hibaq alicheza ngoma ya harusi pale chini, taratibu sana, na mapezi miguuni. Anasema hiyo ni zawadi yake kwa Mama, kwa kuwa yeye atabaki kufunga vyombo.

Mama, gauni lisitoke begini. Vumbi la Voi ni jekundu.

Binti yenu,
Awiti


Ziwani
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa Awiti,

Karatasi hii utaipata ndani ya begi lako ukifika Kilifi. Najua ulikuwepo. Lakini gadi haruhusiwi kumaliza safari bila kuandika ripoti, na hii niliichelewesha.

Abiria: watatu, na gauni moja.

Ijumaa jioni tulitembea hadi stesheni ya zamani ya Voi. Kibao bado kimesimama, rangi imebanduka. Mwinuko: nilikosea futi nne. Mama yako alikigusa kwa kiganja, akasema hivi ndivyo ulivyo uso wa yule aliyekuwa akimcheleweshea harusi.

Jumamosi, saa nne na robo: treni iliondoka Voi kwa wakati. Saa nne na nusu: binti aliangalia saa yake, akaangalia dirishani, akatangaza kwamba hajambo. Aliendelea kutangaza hivyo Mtito Andei, Makindu na Athi River, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Saa nane na nusu: Nairobi.

Saa kumi kasoro dakika ishirini: Ziwani. Majirani walikuwa barabarani. Mchinjaji wa Burma alikuja mwenyewe, akidai hawezi kukosa.

Saa kumi na dakika tano: bibi harusi aliingia kanisani, msimamizi wake akiwa kulia. Dakika tano hizo alizitumia amesimama mlangoni, akinitazama nikiwa mbele nimekwisha fika. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kuniona upande ule, akataka kutazama.

Kuchelewa kwa jumla: miaka thelathini na tisa.
Chanzo: gadi.
Abiria wote wamefika.

Baba yako