Wimbo wa Tatu, Pale Pako

Bristol, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua kaka Saidi ndiye anayekusomea, nawe umeegemea ukuta wa baraza, miguu umeinyoosha juani. Mguu wa kulia unaendeleaje? Kikombe unaweza kukishika sasa? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imenipasua midomo. Bado nipo kwenye nyumba ile ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani, na kila ninayemgeuza nakukumbuka wewe, unayegeuzwa na mke wa Saidi.

Unaikumbuka ile kanda ya nyimbo za Kizungu ya Saidi? Mwalimu Temba, yule Mchaga aliyekuwa akifundisha hapo Nanyamba, alimwazima kwa siku moja tu. Saidi akatafuta redio ya pili, akaziweka zikitazamana sebuleni, moja ipige na nyingine irekodi, akatukataza hata kukohoa. Katikati ya wimbo wa tatu ukapiga kelele uani: "Swaa! Kuku wamo kwenye korosho! We Zuhura, umeziba masikio?" Ikaingia yote. Saidi alinuna mpaka jioni. Lakini miaka yote tuliyoipiga kanda ile, tukifika pale tulikuitikia sote, nawe ukicheka mpaka unafuta machozi kwa kanga.

Sasa, hapa kazini kuna mpishi, jina lake Colin, mtu mzima, ujanani alikuwa mpiga gitaa. Juzi nilikuwa nakunja mashuka huku naimba wimbo ule puani. Akaacha sufuria yake.

"Huo umeujulia wapi?"

"Kwetu, Mtwara."

Akacheka, hakuamini. Muziki ule wenyewe wanauita nyu wevu, magitaa ya vijana wa huku wa zamani, na yeye ndio uliomkuza. Wakati wa mapumziko akaniletea kompyuta yake na hedifoni kubwa. Akanieleza kwamba siku hizi watu huubana muziki ili uenee kwenye simu na mashine ndogo, na ukibanwa unapungua. "Huu haukupunguzwa hata chembe," akasema. "Albamu nzima, kama ilivyotoka studio."

Mama, kumbe tulikuwa tunasikia nusu! Besi inatembea chini peke yake, kama mtu aliye chumba cha pili. Nyuma ya gitaa kuna kinanda ambacho sikuwahi kujua kama kipo. Mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuanza, na pumzi yenyewe unaisikia. Colin alikuwa ananitazama usoni, anafurahi utadhani kapiga yeye.

Ukaja wimbo wa tatu. Nikajikuta nakusubiri. Pale pako pakafika, pakapita. Gitaa tu, safi, halina mtu. Nikavua hedifoni, nikalia mbele ya mwanaume wa watu.

"Vipi? Sauti imekatika?" akauliza, anababaika na mashine yake.

"Haijakatika. Mama yangu hayumo."

Nikamsimulia yote, na habari ya kiharusi chako pia. Akataka kujua unaniambia nini nikipiga simu. Nikamjibu kwamba husemi. Saidi anakuwekea simu sikioni, nasikia unahema, basi naongea peke yangu.

Akaifunga kompyuta. "Unakwenda lini kumwona?"

Nikarudi kwenye mashuka yangu. Saidi nilikuwa nimemwambia nangoja kwanza mkataba mwingine, naye hakunibishia. Lakini ukweli, Mama, naogopa kukukuta huna neno la kuniambia. Nililiwaza hilo siku nzima. Hapa kuna bibi mmoja hasemi kabisa, nasi tunaelewana kwa kutazamana na kushikana vidole tu. Itakuwaje niyaelewe macho ya mgeni, ya mama yangu niyaogope?

Nimeshamwambia msimamizi mkataba mpya sitausaini. Tiketi ninayo. Nitafika kabla mikorosho haijaanza kuangusha. Usihangaike kutafuta la kuniambia. Nitakuogesha, nitakusuka, tutakaa.

Mpe salamu mke wa Saidi, mwambie mikono yake itapumzika. Shangazi wa Mahurunga msimwambie bado, atakuja na nyumba nzima. Mwalimu Temba, mkipata habari zake, mwambieni namsalimu sana.

Nawe kaka Saidi, ukifika hapa acha kusoma, mtazame Mama usoni. Ukinipigia, niambie ulichokiona, hata kama ni machozi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura